Rubabu haiuawi na baridi: jibu kwa mama wa Kisauni

Swali: Assalaam aleikum Bwana Shamba. Binti yangu aliolewa akahamia Calgary, Kanada, na huu ni mwaka wake wa pili. Juzi jirani yake, bibi mtu mzima, amempa pande la mzizi wa mboga inayoitwa rubabu (rhubarb), akamwambia alipande uani. Mimi theluji ya huko nimeiona kwenye simu, inafika magotini. Nikamwambia mwanangu usijisumbue, hicho kitu kitakufa kabla ya mwaka kuisha. Yeye ashikilia hakifi. Nani mkweli? Na akija mwezi wa kumi na mbili, aweza kuniletea kipande nami nipande hapa Kisauni?

Jibu: Wa aleikum salaam mama yangu. Mkweli ni binti yako, na ukitaka kumwomba radhi usingoje mpaka mmea uote.

Nilikaa Edmonton miaka miwili nikisoma, mji ulio kama kilomita 300 kaskazini mwa huko aliko binti yako, nikipanga chumba cha chini kwa mzee mmoja. Nyuma ya gereji yake palikuwa na rubabu. Ilikuwa hapo tangu kabla yeye hajainunua nyumba. Hakuipa maji wala mbolea. Kwa mwaka aliikumbuka mara mbili tatu tu, akitaka pai. Mwaka wangu wa kwanza aliipasua kwa sepetu akanipa pande nililee. Nami, mtoto wa Mombasa niliyekuwa nalala na soksi mbili, nilililea kweli. Mwezi wa kumi baridi ilipoanza kuuma nikalirundikia samadi mbichi ya ng'ombe juu ya kichwa, nikafunika karatasi ya nailoni, nikaweka matofali pembeni upepo usiipeperushe. Mwezi wa nne theluji ilipoyeyuka nikafunua. Harufu iliyonipokea ni ya muhogo uliosahauliwa kwenye ndoo ya maji. Nikabonyeza kwa kidole, kidole kikazama. Hatua nne kutoka hapo, ule mmea mama usiotazamwa na mtu ulikuwa umeshatoa vichwa vitatu vyekundu, kila kimoja kama ngumi ya mtoto mchanga, na pale ngozi ilipopasuka yakaonekana majani ndani, yamejikunja makunyanzi kama kanga iliyokamuliwa. Pembeni yake barafu ilikuwa bado haijaisha.

Tangu siku hiyo nimeulizwa kuhusu rubabu nyingi zilizokufa katika nchi za baridi, na kila nilipochimbua habari sikukuta baridi ndiyo muuaji. Nimekuta maji yaliyotuama, na mkono wa mtu mwenye huruma au mwenye haraka.

Mmea huu kwao ni Siberia, Mongolia na kaskazini mwa China. Mizizi iliyokaushwa ya jamaa zake ilisafiri kwa misafara karne nyingi kama haluli, na Waarabu wakaijua kwa jina la rawand. Kula vikonyo vyake, yaani vile vishikio vinene vya majani, kama tunda, kupikwa na sukari, ni mambo ya karibuni tu, sukari ilipokuwa rahisi Ulaya. Nasema tunda, ingawa ni mboga. Marekani mwaka 1947 mahakama ya forodha kule Buffalo iliamua kwamba kwa hesabu za ushuru ihesabiwe tunda, kwa kuwa ndivyo watu wanavyoila.

Sasa tazama jinsi inavyopita majira ya baridi. Sehemu inayoishi miaka na miaka ni tunguu lililo ardhini, kama tunguu la mgomba, lenye macho juu na mizizi minene chini. Majani ni ya msimu. Jalidi ya vuli ikipiga, yaani ule umande unaoganda usiku, majani yananyauka yanalala, na mtu asiyejua husema mmea umekufa. Kabla ya hapo majani yameshateremsha chakula chini. Tunguu likianza kupoa hugeuza sehemu ya wanga wake kuwa sukari, na maji yenye sukari hayagandi upesi. Wewe mwenyewe ukiweka juisi ya miwa na maji matupu kwenye friza utaona kipi kinatangulia. Juu yake inakuja ile theluji iliyokutisha. Theluji mpya imejaa hewa, kama sufi kwenye mto. Hewa ya nje ikishuka nyuzi 30 chini ya sufuri, udongo uliofunikwa na theluji ya kufika magotini haushuki hata karibu na hapo. Kwa hiyo mama, kile ulichokiona kwenye simu ukadhani ni kaburi, ni blanketi. Mwaka mbaya kwa rubabu ni ule wa baridi kali isiyo na theluji.

Tena kuna jambo la pili, nalo ndilo litakalojibu swali lako la Kisauni. Rubabu haivumilii baridi tu, inaihitaji. Tunguu likishalala haliamki vizuri mpaka lihesabu wiki kadhaa za baridi, kama wiki saba hadi tisa, udongo ukiwa kati ya nyuzi 2 chini ya sufuri na nyuzi 10 juu yake. Lisipopata usingizi huo huchipua kwa uvivu, vikonyo vyembamba, au lisichipue kabisa. Wakulima wa Yorkshire, Uingereza, wamefanya biashara kwa siri hiyo. Karibu na mji wa Wakefield huacha matunguu shambani miaka miwili bila kuvuna, wanangoja baridi iyapige kiasi wanachokitaka, kisha wanayang'oa na kuyaingiza kwenye mabanda ya giza yenye joto. Tunguu hudhani majira yamegeuka, linarusha vikonyo vya waridi kutafuta jua ambalo halipo. Wavunaji huingia na mishumaa, maana taa kali itaharibu rangi na ulaini.

Calgary ina tabia moja ambayo Edmonton haina kiasi hicho, na hapa binti yako asikize vizuri. Katikati ya majira ya baridi huvuma upepo mkavu wa joto kutoka Milima ya Rocky, wenyewe huuita Chinook. Asubuhi ni nyuzi 20 chini ya sufuri, jioni watu wanatembea bila makoti, theluji imekuwa maji barabarani. Siku mbili tatu baadaye kila kitu kinaganda upya. Kuganda na kuyeyuka huku ndiko kunakochosha mimea. Maji yaliyo udongoni yakiganda hutanuka na kuusukuma mmea juu, mizizi myembamba inakatika, na tunguu changa huweza kukutwa limeinuliwa nje kama jino linalotoka. Kwa hiyo mwaka wa kwanza atandaze nyasi kavu au majani makavu, unene wa kiganja, juu ya pale alipopanda. Ila asitandaze mapema kama mimi. Angoje ardhi igande kwanza, huwa mwezi wa kumi na moja. Matandazo hayo si ya kuupasha mmea joto, ni ya kuizuia ardhi isiamke kila Chinook ikipita. Mwezi wa nne ayaondoe. Akikuta tunguu limeinuka, alikanyage taratibu lirudi chini na kulifukia. Mmea ukishashika miaka miwili hahitaji tena kazi hiyo.

Kuhusu kupanda. Pande alilopewa, kama lina jicho moja zima na kipande cha mzizi mnene kama kidole gumba au zaidi, latosha. Mwezi wa tano, udongo ukishalegea, achague mahali penye jua angalau saa sita, ambapo hatataka kuchimba tena kwa miaka kumi, maana rubabu haipendi kuhamishwa hamishwa. Aache mita moja kila upande. Jani la rubabu iliyokomaa ni pana kuliko sinia la biriani. Asipande chini ya ukingo wa paa, maji yatamwagikia hapo yagande, wala kando ya njia ya magari ambapo theluji iliyochanganyika na chumvi ya barabarani hurundikwa.

Udongo wa Calgary mwingi ni mfinyanzi mzito. Ndio wa kuogopa kuliko theluji, kwa sababu unashika maji, na tunguu linaloketi ndani ya maji litaoza hata kama baridi ni ya kiasi. Achimbe shimo pana la kama sentimita 60, achanganye udongo na samadi iliyooza kabisa au mboji, kiasi cha nusu kwa nusu. Kama uani maji hutuama mvua ikinyesha, ainue tuta la shubiri moja apande juu yake. Macho yatazame juu, yafunikwe udongo wa sentimita tatu hadi tano tu. Chini zaidi ya hapo yanaoza au yanachelewa. Samadi ya kila mwaka aiweke ikizunguka mmea, si juu ya kichwa chake. (Kosa langu lilikuwa hilo na nailoni kwa pamoja. Mzee mwenye nyumba hakunisema. Alicheka tu, na mwezi wa tano akanipasulia pande lingine.)

Mbegu asihangaike nazo. Mche wa mbegu hautoki sawa na mama yake, na pande la bibi jirani lina sifa ambayo duka haliuzi: limetoka kwenye mmea ulioishi Calgary, Chinook na yote. Rangi pia isimshughulishe. Wengi hutaka nyekundu wakidhani ni tamu zaidi, lakini aina ya Victoria, iliyotoka Uingereza mwaka 1837 na bado inapandwa, vikonyo vyake ni vya kijani kibichi kwa sehemu kubwa na ladha yake haina kasoro.

Sasa subira, na hapa ndipo vijana hushindwa. Mwaka wa kupanda asivune hata kimoja. Mwaka wa pili achukue vichache kwa wiki moja au mbili. Mwaka wa tatu ndipo ale anavyotaka, kuanzia mwisho wa mwezi wa tano hadi mwanzo wa mwezi wa saba, kisha aache. Kiangazi cha huko ni kifupi lakini siku zake ni ndefu, mwezi wa sita jua linakaa zaidi ya saa 16, na majani yatakayobaki yanatumia jua hilo kujaza tunguu chakula cha majira ya baridi. Anayevuna mpaka mwezi wa tisa anakula akiba ya usingizi. Mmea utaamka mnyonge, mwaka unaofuata zaidi, kisha mtu atasema baridi imeuua.

Havuni kwa kisu. Anashika kikonyo chini kabisa, anakizungusha kidogo na kukivuta kwa upande, kinang'oka na kile kiganda chake cha chini kwa sauti kama ya kuchomoa kizibo. Kisu huacha kigutu, kigutu kinaoza, kuoza kunateremka tunguuni. Asizidishe nusu ya vikonyo vilivyopo kwa wakati mmoja. Akiona bua nene linapanda katikati lenye fundo juu, hilo ni ua. Alikate mapema, linanyonya nguvu bure. Mvua ya mawe, ambayo Calgary inaijua sana (ya tarehe 13 Juni 2020 ilivunja madirisha ya nyumba na magari kwa maelfu), itachanachana majani mapana kama haya yawe matambara. Yaliyobaki yatafanya kazi, mengine yatachipua, asing'oe mmea. Jalidi ya mwisho wa mwezi wa tano nayo ikikuta majani yamesimama, afunike kwa shuka kuukuu usiku. Kikonyo kilichoganda kikawa cheusi na tepetepe akitupe, asikipike.

Nimefika kwenye jambo ambalo, kama ungekuwa mbele yangu, ningekushika mkono nikalisema mara mbili. Jani haliliwi. Hata kidogo. Najua sisi watu wa Pwani: tukiona jani bichi pana tunaona sufuria, tui la nazi na kitunguu. Mgeni kutoka kwetu akiambiwa na Mzungu "hii ni mboga, kula", ataona kinatupwa kile ambacho kwetu ndicho mboga, na kinachopikwa ni kile ambacho kwetu hutupwa. Majani ya rubabu yana asidi ya oksaliki nyingi na sumu nyingine, na kuchemsha hakuiondoi. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza Uingereza watu walishauriwa kula majani hayo kwa sababu ya uhaba wa mboga, na wakadhurika. Kinacholiwa ni kikonyo peke yake, kilichokatwa jani lote. Majani yaende kwenye lundo la mboji, huko yataoza salama. Wajukuu wakija, waonyeshwe.

Kikonyo chenyewe kina asidi hiyo kwa kiasi kidogo, ukali wake mwingi ukitokana na asidi kama ile ya tofaa bichi. Mwenye ugonjwa wa mawe ya figo ale kwa kiasi, au aache. Wenyeji hupenda kukila na krimu au kastadi, na si kwa utamu tu. Kalisiamu ya maziwa hukamatana na oksaliki tumboni.

Kisauni. Nitakuvunja moyo kidogo. Rubabu inataka vitu viwili: usingizi wa baridi, na kiangazi kisicho cha kuunguza. Ikipata kimoja hujikokota. Huko Limuru, juu ya mita 2,000, haipati theluji lakini usiku wa mwezi wa saba ni baridi na mchana si mkali, kwa hiyo mtu anaweza kuwa nayo bustanini ikawa kijani mwaka mzima, ingawa haitakuwa nene kama ya Kanada. Mombasa inakosa vyote viwili. Hata kipupwe chetu, kusi likivuma, usiku hatushuki sana chini ya nyuzi 20. Tunguu lingekaa macho mwaka mzima mpaka likachoka. Kisha ingekuja kaskazi.

Nimejaribu mama, usidhani nasema kwa vitabu. Tunguu nililoletewa kutoka bara nililiweka kwenye friji miezi miwili, limefungwa mchanga wenye unyevu, kwenye droo ya mboga, na mke wangu akaniuliza kila siku kama kile ni maiti ya nani. Nikalipanda Bamburi mwezi wa nne, kivulini. Lilitoa vikonyo vinne, unene wa penseli. Mvua za mwezi wa tano zikaja, wiki ya tatu nikaliinua mkononi likiwa uji. Mwaka mwingine nilipanda mbegu kwenye ndoo mwanzo wa kusi. Miche ilipendeza hadi mwezi wa kumi, ilipofika Disemba ikawa inalala saa sita mchana na kuinuka jioni, kama mlinzi wa usiku. Januari haikuinuka. Na udongo wetu wa matumbawe una chokaa nyingi, mmea huu hupenda wenye uchachu kidogo.

Zaidi ya hayo, mzizi mbichi kutoka nje hauingii nchini ndani ya sanduku la nguo. Wataka kibali cha KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa mimea, kabla ya safari na cheti cha afya ya mimea kutoka kule unakotoka, na bila hivyo utachukuliwa uwanja wa ndege, na ni haki yao. Mwambie akuletee jamu. Chupa mbili ndani ya nguo za watoto, kwenye mzigo wa chini ya ndege.

Na kama unalotaka ni ile ladha, hukuhitaji kwenda mbali. Kama hapo uani pako hakuna mbirimbi, basi kwa jirani upo. Chukua birimbi kilo moja, kata nyembamba, nyunyizia chumvi uache saa mbili, kamua maji yake uyamwage, suuza, kisha pika taratibu na sukari robo tatu ya kilo, kipande cha tangawizi na mdalasini, mpaka iwe nzito na rangi igeuke kahawia. Ukali wa birimbi unatokana na hiyo hiyo asidi ya oksaliki, tena kwa wingi, ndiyo sababu nakwambia umwage maji ya kwanza na usinywe juisi yake kwa bilauri kama wanavyofanya wengine wakitafuta kupunguza mwili. Imeshawaharibu watu figo. Kwa kijiko juu ya mkate haina neno.

Kabla binti hajalifukia lile pande, mwambie alipige picha karibu, upande wa juu, unitumie. Nikiona macho mawili au zaidi yaliyovimba nitamwambia alipasue apate mimea miwili; nikiona moja tu, alizike lilivyo.